Neno la Mwenye Jina

Mzee Donald alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na aliyatoa asubuhi, kabla jua la Voi halijakuwa kali. Aliketi barazani na kikombe chake cha chai isiyo na sukari, akaanza na mkate. Mkate wa nchi hii, alisema, una sukari kama keki ya harusi. Kutoka kwa mkate alihamia kwa stima iliyopotea tangu jana, kisha kwa spika za kanisa, kisha kwa tembo waliovunja ua wa watu kule Mbololo na kumaliza mahindi machanga. Mwisho alifika kwa bomba kubwa la maji, lile linalopita hapa likienda Mombasa huku wanawake wa hapa wakibeba mitungi. Juu ya bomba hakuna aliyembishia, kwa sababu mabomba ya maji ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote, katika nchi nyingi, mpaka akastaafu na kuamua kwamba Voi ndipo atakapokaa.

Nthenya alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya mabati. Alikuwa amemfanyia kazi za nyumba miaka mingi: kupika, kufua, kupiga pasi, kumkumbusha dawa ya presha. Aliyajua maneno yake kabla hayajatoka. Aliitikia mahali pa kuitikia, akaendelea kuchagua mawe kwenye ndengu.

"Mama Kaloki, unanisikia?"

"Nasikia, Mzee. Mkate."

"Mkate nilimaliza zamani. Sasa niko kwa bomba."

"Basi nimebaki nyuma kidogo. Nakuja."

Kwao Scotland, aliendelea mzee, mtu anaweza kufa na jirani asijue mpaka barua zijae nyuma ya mlango. Hapa akichelewa kufungua dirisha, muuza maziwa anauliza, mwenye duka anauliza, na Nthenya anakuja mbio na funguo. "Usumbufu mtupu," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba ni usumbufu anaoupenda.

Siku nyingine Nthenya angecheka. Lakini Jumanne hiyo hakuwa na nguvu ya kucheka. Alikuwa amechoka uchovu ule usiotoka hata ukilala. Na kilichomchosha si kazi, bali maoni ya mzee huyo huyo, aliyoyatoa Jumapili moja na kuyasahau kabla chai haijapoa. Yalikuwa maoni juu ya chanjo.

Mambo yalikuwa yameanza kwa wema. Wakati wa mvua za masika, Mwendwa, mke wa mwanawe Nthenya, alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ambayo mto ulikuwa umejaa na hakuna mtu wa bodaboda aliyekubali kuvuka. Kaloki, mumewe, alikuwa Mombasa kwenye kazi yake ya bandarini. Mzee Donald aliposikia, hakusema neno juu ya barabara wala juu ya serikali. Alitoa Land Rover yake kuukuu, akamfunika Mwendwa kwa koti lake la mvua, akazunguka njia ya mbali kupitia mashamba ya mkonge, matope yakiruka mpaka kwenye vioo, akamfikisha hospitali. Kisha akaketi nje kwenye benchi, amelowa chapachapa, na akakataa kuondoka mpaka asikie mtoto amelia.

Mtoto alikuwa wa kiume. Kaloki alipopigiwa simu alisema jina ni Donald, hakuna mjadala.

Watu wengine hudhani jina ni zawadi tu, unapewa, unafurahi, mambo yanaisha. Katika nyumba ya Nthenya haikuwa hivyo. Alipoolewa kwa kina Muasya alikuta kwamba mtu ambaye mtoto ameitwa kwa jina lake ndiye mwenye jina, na mwenye jina ana neno. Mtoto hanyolewi nywele za kwanza, hapelekwi shule, hahamishwi kwenda mbali, kabla mwenye jina hajasema. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, mnangoja mpaka abadilishe mwenyewe, akiwa nyumbani kwa mtoto na amempakata. Baba hawezi kumgeuza, wala nyanya.

Nthenya aliipenda sana desturi hiyo. Kaloki alipokuwa mdogo, baba yake alitaka kumpeleka shule ya bweni kule Bura. Mwenye jina lake akasema mtoto bado mdogo, alale kwa mama yake mwaka mmoja zaidi. Wakangoja. Hakuna aliyefurahi mwaka ule kama Nthenya. Ndiyo maana Mwendwa alipokuja kuolewa, habari hiyo ilikuwa kati ya zile za kwanza alizomsimulia, wawili hao wakichambua mboga jikoni. Alimwambia, hapa kwetu jina la mtoto lina mtu nyuma yake, na neno lake halipimwi.

Mzee Donald hakuelezwa. Kila mtu alidhani mwingine amemweleza.

Basi Jumapili ile Mwendwa alitoka kanisani akampitisha mtoto kwa wajina wake amsalimie. Mzee alifurahi. Alimweka gotini, akamwachia avute ndevu zake, akamwuliza Mwendwa anakula nini, analalaje. Mwendwa akasema analala vizuri, na wiki hiyo anatimiza miezi tisa, atapelekwa zahanati kuchanjwa surua.

"Tena?" mzee akasema. "Huyu si ameshadungwa vya kutosha? Mwache mtoto, Mwendwa. Sindano zote hizi ni biashara ya watu wakubwa. Leo hii, kesho ile, na karatasi juu ya karatasi. Mwache akue."

Kisha akarudi kwa mkate.

Mwendwa alimchukua mtoto, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Jumatano ya chanjo ikapita. Ikapita na iliyofuata.

"Mama Donald, vipi zahanati?" Nthenya alimwuliza.

"Mwenye jina amekataa, mwaitu."

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na Mwendwa hakuwahi kumwita mama mkwe wake kwa jina jingine.

"Yule mzee alikuwa anaongea tu. Yeye huongea."

"Alikuwa amempakata mtoto. Si wewe uliniambia neno lake halipimwi? Au linapimwa likiwa halitupendezi?"

Nthenya akaenda kutafuta simu. Alipompigia Kaloki, Kaloki naye alisema wangoje. Mzee amesoma, amezunguka dunia nzima, labda kuna kitu anakijua. "Na tukianza kuchagua neno gani la mwenye jina tufuate na lipi tuache, mama, hiyo desturi itakuwa ya nini?"

Aliyafahamu maneno hayo. Yalikuwa yake mwenyewe, yamemrudia kwa sauti ya mwanawe.

Angeweza kumwendea mzee siku ile ile. Lakini kumwendea mwenye jina na kumwomba arudishe neno lake ni kumwambia kwamba amemkosea mtoto wake, na jambo hilo hufanywa na mtu aliyemzidi umri. Mzee Donald alikuwa amewazidi wote. Tena kulikuwa na kidonda. Nthenya alijua maoni yale yalitoka wapi.

Mwaka ule wa korona dada wa Mzee Donald, ndugu pekee aliyebaki, alifariki huko Scotland. Ili asafiri bila kuzuiwa njiani alitakiwa awe na sindano mbili. Alikuwa na moja. Ya pili haikuwa imefika Voi. Alipanga foleni, akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi, akapanga tena, na katikati ya foleni hizo dada akazikwa. Mzee aliona mazishi kwenye simu. Nthenya ndiye aliyeishika simu hiyo. Watu walikuwa wachache, kila mmoja kiti chake mbali na mwenzake, kama wasiojuana. Hakuna aliyeimba. Ilipokwisha mzee alisema, "Asante, Mama Kaloki," akaenda kufunga mlango wa chumba chake, na tangu siku hiyo neno chanjo likawa linampandisha hasira kama homa.

Hicho ndicho kidonda. Mtu mwenye huruma hakigusi hovyo. Nthenya akawa anakwenda kazini na kurudi, anachagua ndengu, anaitikia, na kila jioni akifika nyumbani anamgusa mtoto paji la uso kwanza kabla hajavua viatu.

Jumanne hiyo, mzee akiwa bado kwenye bomba, mtu alibisha hodi getini. Alikuwa Mkamburi, mama wa Kitaita anayezunguka vijijini kama mhudumu wa afya, na mkoba wake begani na chaki mkononi. Jasho lilikuwa limemchora mistari kwenye vumbi la uso.

"Mzee, habari ya asubuhi. Kuna watoto hapa chini ya miaka mitano?"

"Niko mimi."

"Wewe umepita kidogo."

"Kidogo tu?"

"Kidogo. Basi naandika mzee mmoja, mkali, hana mtoto."

"Andika pia hataki sindano."

"Hakuna aliyekuletea, Mzee. Zimetengewa watoto, na hazitoshi." Akachora alama yake ya chaki kwenye geti, mzee akamwangalia kama anayechorewa gari.

Nthenya alimletea maji ya kunywa. Mkamburi akanywa kikombe chote akiwa amesimama, akamshukuru, kisha akashusha sauti.

"Mama Kaloki, umesikia ya Ndila?"

Ndila ndiye muuza maziwa, aliyewauzia Nthenya na mzee wote wawili. Asubuhi hiyo hakupita, na mzee alikuwa ameshalalamika juu ya chai ya rangi.

"Sammy wake ana surua," Mkamburi akasema. "Amelazwa tangu jana. Macho hayafunguki, na kifua kimebana. Na kuna mwingine ng'ambo ya reli. Mjukuu wako sijamwona zahanati. Yule mtoto wa mwezi wa kumi na moja."

"Wa kumi," Nthenya akasema.

"Hata kama. Kesho ndiyo siku. Chupa moja ya surua ni ya watoto wengi, mama, ikishafunguliwa haihifadhiwi, kwa hiyo muuguzi hafungui kwa mmoja mmoja. Ukikosa kesho ni kungoja Jumatano nyingine. Na surua haingoji."

Akaenda zake, viatu vyake vikiburuta vumbi jekundu. Nthenya alibaki na kikombe mkononi. Mwezi uliopita tu Sammy na Donald mdogo walikuwa wakivutana kijiko kwenye mkeka wake, wakicheka bila meno.

Alirudi barazani. Hakuchukua sinia la ndengu. Aliketi kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho hakuwahi kukikalia miaka yote hiyo.

Mzee aliacha bomba katikati. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka. Mzee, nitakuambia jambo, na ukitaka kukasirika, kasirika nikishamaliza."

Akamweleza yote. Habari ya jina na ya neno, ya Jumapili ile, ya Jumatano zilizopita, ya Sammy. Alieleza polepole, bila kulia na bila kumlaumu. Mawingu ya asubuhi yalikuwa yameshatawanyika juu ya kilima cha Sagalla, na joto lilianza kuingia barazani.

"Mimi?" mzee akasema mwishoni. "Nani aliniuliza mimi?"

"Hakuna aliyekuuliza. Ulisema."

"Nilikuwa naongea tu. Mimi naongea kila siku. Naongea juu ya mkate na watu wanaendelea kula mkate. Nimeongea juu ya bomba tangu nifike na hakuna hata koki moja iliyofunguliwa. Wewe mwenyewe hunisikilizi."

"Nakusikiliza."

"Asubuhi hii ulikuwa kwa mkate."

"Hilo ni kweli," Nthenya akakubali.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alionekana amezeeka ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina kutoka nyuma. Kwa miaka mingi alikuwa amezoea kwamba maneno yake ni ya kupitisha asubuhi. Kumbe palikuwa na nyumba moja, ng'ambo ya kijito, ambapo neno lake lilikuwa limesimama mlangoni likimzuia mtoto asitoke.

"Mwambie basi Mwendwa ampeleke. Mwambie nimesema."

"Mimi siwezi kubeba neno hilo. Linasemwa nyumbani kwa mtoto, ukiwa umempakata. Kisha unamlowesha midomo kwa maji, ili neno la kwanza lipoe."

"Siwezi kusema sindano ni nzuri, Mama Kaloki. Sitadanganya mtoto."

"Usiseme ni nzuri. Sema aende."

Mzee aliweka kikombe chake chini. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa shati jingine, lile la mikono mirefu alilovaa Krismasi. Kofia aliisahau, Nthenya akarudi kumchukulia.

Hawakutumia gari, kwa sababu kijito kilikuwa kikavu na njia ya mkato ni fupi. Mzee alitembea mbele, kisha akagundua kwamba hajui njia. Miaka yote hiyo alikuwa akimfikisha Nthenya kwenye ua wa mkonge wa boma lao mvua ikinyesha, na hapo ndipo ulimwengu wake ulipoishia. Hakuwahi kuingia. Hakuwahi kukaribishwa pia, maana Nthenya aliona aibu ya viti vyake. Sasa alitembea nyuma ya Nthenya akikwepa miba, na walipofika mahali pa mchanga mwingi alimshika mkono mama huyo, kwa sababu aliona mguu wake mmoja unavyoteleza. Hakusema kitu juu ya mchanga.

Mwendwa alikuwa anaanika nguo. Alipowaona alifuta mikono, akasalimia kwa heshima, akaleta kigoda. Mzee aliinama kupita mlangoni. Ndani palikuwa na giza la ubaridi, na kitu cha kwanza macho yake yalichokiona ni koti la mvua, limetundikwa kwenye msumari, limenyooshwa vizuri kama suti.

"Hilo koti nililitafuta sana," akasema.

"Ni la mtoto," Mwendwa akajibu. "Hulala nalo kukiwa na baridi."

Mzee hakulidai. Mwendwa akamletea mtoto, na mtoto akashika ndevu palepale, kama aliyeendelea na kazi aliyoiacha.

"Wajina," mzee akasema. Akakohoa. "Wajina, kesho nenda ukachanjwe."

Nthenya alinyoosha kikombe cha maji. Lakini Mwendwa aliweka mkono wake juu ya kikombe. Alikuwa binti mpole, asiyepandisha sauti, na hakuipandisha sasa.

"Samahani, Mzee. Nifuate neno lipi? La Jumapili ile au la leo? Nimengoja kwa sababu yako. Mwaitu ameninunia kimyakimya kwa sababu yako. Nimeambiwa na wanawake wenzangu kisimani kwamba mimi ni mjinga. Kama leo umeletwa tu na mwaitu kwa mkono, sema. Nijue."

Nthenya akatazama chini. Kweli alikuwa amemnunia. Hakujua kama inaonekana.

"Sikuletwa," mzee akasema. "Ndiyo, nililetwa, njia sijui. Lakini neno ni langu." Akamgeuza mtoto aketi vizuri kwenye mkono wake. "Lile la kwanza halikuwa la huyu. Lilikuwa la dada yangu. Alikufa na sikumzika. Nilikuwa na sindano moja na walitaka mbili, na ya pili haikuja."

Mwendwa alifikiri.

"Kwa hiyo ulikosa sindano, ndiyo maana unazichukia?"

"Ukiisema hivyo inakuwa upumbavu."

"Si mimi nimesema."

"Najua." Mdomo wake ulicheza, ukataka kutabasamu, ukashindwa. "Nilikasirika na watu waliopanga foleni na karatasi. Bado nimekasirika. Hasira yangu ni ya watu wazima, Mwendwa. Nilimwekea mtoto mzigo wangu mgongoni, na hata kusimama bado hajazoea vizuri."

Nje kuku alikuwa akiita vifaranga. Mwendwa aliondoa mkono wake juu ya kikombe.

Mzee alichovya kidole katika maji, kidole kinene chenye kovu la zamani la chuma, akamlowesha mtoto midomo. Mtoto akakinyonya kidole. "Nenda," mzee akamwambia, na safari hii hakukohoa.

Mwendwa alimpokea mtoto. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chai ya maziwa. Yalikuwa maziwa ya kopo, kwa sababu Ndila hakuwa amepita. Ilikuwa na sukari nyingi. Mzee aliinywa yote, mpaka chini, bila maoni.

Nthenya alipompokea kikombe alisema tu, "Asante, Mzee." Kwa Mwendwa hakusema kitu wakati ule. Ila jioni alimtekea maji yake ya kuoga, akampashia moto, kazi ambayo mama mkwe hamfanyii mkaza mwana, na Mwendwa akaelewa.

Kesho yake mzee alikuja na Land Rover mpaka kwenye ua wa mkonge, saa mbili asubuhi, akapiga honi kama mtu wa bodaboda. Alisema anapita tu njia hiyo. Njia hiyo haiendi popote.

Zahanati ilikuwa imejaa. Habari ya Sammy ilikuwa imewatoa akina mama mpaka wa mbali. Waliwaambia kwamba mtoto wa Ndila ameamka, macho yamefunguka kidogo, amekubali uji, ingawa bado hajaondolewa hewa ya mtungi. Wengine walimkazia macho mzee wa Kizungu aliyeketi kwenye benchi la akina mama na mfuko wa nepi miguuni. Mama mmoja alimsogezea khanga aikalie, maana benchi lile lilikuwa na msumari. Mzee naye akampa nafasi ya ukutani, penye kivuli.

"Donald," muuguzi akaita.

Mzee akasimama.

Benchi zima likacheka, hata muuguzi, hata Mwendwa, kicheko cha watu waliochoka kungoja. "Wewe keti, Mzee," muuguzi akasema. "Wa kwako ni yule anayetafuna khanga."

Walakini alikwenda nao ndani. Alimpakata mtoto mwenyewe, akamshika mkono kama alivyoelekezwa, na sindano ilipoingia aligeuza uso ukutani. Mtoto alilia kilio kimoja kirefu, kisha akamtazama wajina wake kwa hasira, ya kweli kabisa.

"Atakuwa na homa kidogo," muuguzi akasema. "Mnyonyeshe vizuri, mtazame. Na mrudi akifikisha mwaka na nusu kwa ya pili."

"Kuna ya pili?" mzee akauliza.

"Kuna ya pili."

Nthenya alimwona anafungua mdomo. Aliona neno limefika, limekaa kwenye ulimi, na alilijua neno hilo kabla halijatoka. Mzee alimtazama mtoto, akafunga mdomo, akalimeza.

"Ya pili itakuwepo?" akauliza badala yake. "Siku hiyo tukija, itakuwepo?"

Muuguzi aliacha kuandika. "Tutajitahidi, Mzee."

"Nitakuja kuuliza wiki moja kabla. Nitakuwa naulizauliza. Nakuambia mapema, mimi ni msumbufu."

"Naona," muuguzi akasema, na hakuonekana kukasirika.

Kurudi, Mwendwa na mtoto walikaa nyuma. Mtoto alikuwa amelala, na mama yake karibu amfuate. Nthenya alikaa mbele. Jua lilikuwa kali, barabara imejaa malori ya Mombasa, na mzee alianza kusema kitu juu ya madereva wa malori, kisha akamtazama Nthenya.

Nthenya alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Mzee akanyamaza katikati ya neno. Akapunguza mwendo. Walipotoka kwenye lami, aliipitisha Land Rover polepole pembeni ya mashimo, akilikwepa moja baada ya jingine, akishikilia usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Lori lilimpigia honi kwa nyuma. Hakujibu. Alinyoosha mkono akashusha kizuia jua, upande wa Nthenya, ili mwanga usimpige usoni.

Nthenya hakuwa amelala. Lakini aliona ni mambo machache sana ambayo mtu mwingine amemfanyia bila yeye kuomba, kwa hiyo aliyaacha macho yake yamefumbwa hivyo hivyo, mpaka kwenye ua wa mkonge.